Yowe la Mgeni

Kwetu Kanazi, katika vilima vya Buhaya, mgeni hapokewi kwa maneno matupu. Kabla hata hajaulizwa atokako, huletewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa juani. Akishaitafuna amekuwa mgeni wa kijiji kizima. Likisikika yowe usiku kwamba ameingiliwa na mwizi, kila mwenye nguvu hutoka migombani na fimbo yake. Na asiyetoka huulizwa asubuhi alikuwa wapi. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kusoma, ndiyo maana twaona aibu kuyasimulia yafuatayo.

Miaka kadhaa iliyopita tulitumwa Unguja kikazi. Jioni ya mwisho tulikuwa twapita katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, si mbali na Forodhani, mahali ambapo watu wawili hawapishani ila kwa kuombana njia. Mbele yetu alisimama bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima, akitazama nakshi za mlango. Ghafla kijana alitokea, akampokonya mkoba, akatupita kwa karibu hata akatugusa bega. Uso wake tuliuona barabara. Bibi yule akapiga yowe, na yowe, ndugu msomaji, halihitaji mkalimani. Dirisha moja lilifunguliwa juu yetu, kisha likafungwa.

Tulimwokotea miwani yake tukampeleka kituo cha polisi. Askari wa zamu alituomba kwa adabu turudi kesho yake kuandikisha maelezo na, akipatikana mshukiwa, tumtambue. Tulimjibu kwamba boti yetu ya Dar es Salaam ingeondoka saa moja asubuhi. Ni kweli, ingeondoka. Lakini palikuwa na boti nyingine mchana, na tikiti ingeweza kubadilishwa. Hatukutaka usumbufu, basi.

Mwizi wa visiwani anaijua kalenda kuliko hakimu. Anajua kwamba mgeni hukaa juma moja, kisha hupanda ndege, na kesi isiyo na mlalamikaji wala shahidi haina miguu ya kusimamia. Shahidi aliyekuwapo siku ile alikuwa mwenyeji, mtumishi wa umma, naye akaondoka kabla ya mgeni.

Tusieleweke vibaya. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 500,000, na walio wengi sana walirudi kwao na mchanga viatuni tu. Hata hivyo twakumbuka Agosti 2013, wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kufundisha walipomwagiwa tindikali katika Mji Mkongwe. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Novemba 2012 alikuwa amemwagiwa sheikh, na Septemba 2013 akamwagiwa padri, wote wenyeji. Hao hawakuandikwa kwa wino mwingi kiasi kile. Mkono unaomdhuru mgeni aghalabu umekwisha kuzoea kumdhuru jirani, nasi twashtuka pale tu watalii wanapoanza kufuta safari.

Sasa wageni wanatufikia na sisi. Mbele ya Bukoba, ziwani, kipo kisiwa cha Musira, ambako wazee husimulia kwamba enzi za wafalme wezi na wauaji walipelekwa kutupwa. Leo watalii huenda huko kwa boti, wakapanda mwamba na kupiga picha. Wengine hupanda hadi Kanazi kuiona ikulu ya Omukama Kahigi, aliyetawala Kihanja zama za Wadachi.

Mmoja wao, bwana wa makamo kutoka Uholanzi, aliketi barazani kwetu mwaka jana. Tulimpa kahawa, akaitafuna huku amekunja uso, akaomba nyingine. Kisha akauliza kama ni salama kutembea usiku katika njia ile ya migombani. Tukamwambia atembee tu. Akipiga yowe, watu watatoka. Aliandika maneno hayo katika kijitabu chake, nasi tukainamisha macho kwenye kikapu cha kahawa.