Sauti Bila Picha

Jumapili mpwa wangu alikuwa anataka kufuta video ya marehemu bibi yake. "Imeharibika, mjomba. Ina sauti tu." Nikamwambia asiiguse, huenda imekosa kodeki. "Kodeki ndiyo nini?"

Nilijifunza jibu Kariakoo, kwenye duka la kuchoma CD. Nilidhani ni 2004. Risiti inasema 2006. Haidhuru. Harufu ndiyo haijanitoka: plastiki ya CD iliyotoka kuchomwa, bado ina joto, vumbi la feni ya kompyuta, na chipsi mayai za jirani. Nilikuwa nimepeleka video ya harusi ya dada. Taarabu inasikika, kioo cheusi tii.

Fundi, mzee wa balaghashia, alifungua GraphEdit ya Microsoft. Vikatokea visanduku vilivyoungwa kwa mishale. Cha kwanza kinasoma faili. Cha pili kinatenga picha na sauti, maana AVI ni gunia tu: ndani yake picha huweza kuwa imebanwa kwa Xvid na sauti kwa MP3. Kila moja hupita kwenye king'amuzi chake, yaani kodeki, kisha picha hufika kwenye kioo na sauti kwenye spika. Upande wa sauti mishale ilikuwa imetimia. Upande wa picha, hakuna. "Harusi ipo, mwanangu. Hapa hakuna wa kuisoma." Akaingiza Xvid, akaijaribu tena, mshale ukaungana, dada akatokea na hina yake mikononi.

Nikamuuliza picha inajuaje isiitangulie sauti. Akagusa kisanduku cha mwisho cha sauti: huyu ndiye mshika saa, picha inamfuata, kwa kuwa sikio halivumilii kukatikakatika.

Baadaye tukaipata programu ya VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikibeba ving'amuzi vyake yenyewe. Windows 7 ikaja 2009 na king'amuzi cha H.264 ndani. Simu zikaja. Duka lile sasa linauza kava za simu.

Linaniudhi hili: simu imevificha visanduku vyote, na kikikosekana kimoja haisemi ni kipi. Vijana wanafuta. Ni harusi ngapi, ni mazishi mangapi yametupwa hivyo yakiwa mazima!

Nikamwekea mpwa wangu VLC. Bibi akatokea uani, kanga begani, anachambua mchicha, anamwita mpwa wangu kwa jina lake la utotoni.