Tulililia Theluji, Msitu Ukaungua

Kwa muda mrefu mazungumzo ya Mlima Kilimanjaro yalikuwa mazungumzo ya theluji. Mwaka 2002 mwanasayansi wa Marekani, Lonnie Thompson, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliokadiria kwamba barafu ya kileleni ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na tangu hapo ikawa nadra mgeni kushuka uwanja wa ndege wa KIA bila kuuliza imebaki kiasi gani. Nasi wa huku chini tukaupokea wimbo huo tukauimba. Tukazoea kuupima mlima kwa weupe wake: ukiamka mweupe, mwaka una heri, ukiamka mweusi, watu wanaguna. Muda uliotajwa ukafika, barafu ikiwa imekonda lakini ingalipo, na mwishoni mwa muda huo huo, tarehe 11 Oktoba 2020, ukazuka moto eneo la Whona, mahali pa mapumziko kati ya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu. Usiku mstari mwekundu ulionekana kutoka Moshi mjini. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitoa hesabu ya kilomita za mraba zipatazo 95 zilizopitiwa na moto, yaani zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya hifadhi nzima. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, kwenye kimo cha mita 4,000 hivi. Nikiirudia miaka hiyo yote naona tulikaza macho pasipostahili. Tulihesabu barafu, ilhali kilichokuwa kikitoweka kwa kasi zaidi, na chenye uzito zaidi kwa maisha ya watu, ni msitu wa juu ambao ukame ulikuwa umeupokonya unyevu wake, na unyevu ndio uliokuwa kinga yake dhidi ya moto.

Hesabu zenyewe si siri, wala si za jana. Mwanaikolojia Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ameufanyia mlima huu utafiti kwa miongo kadhaa. Ukilinganisha hali ya 1976 na ya 2000, barafu ilipungua kutoka kilomita za mraba 4.2 hivi hadi 2.6. Katika muda huo huo, misitu ya erika, ile miti ya mwisho kabla ya kuingia kwenye nyasi na mawe, ilipungua kutoka kilomita za mraba 187 hivi hadi 32. Hasara moja haifiki kilomita mbili za mraba, ya pili inazidi mia na hamsini. Na kilichoila erika ni moto, uliorudi mara kwa mara katika viangazi virefu, ukiwemo ule wa 1996 na 1997 baada ya mvua kukosekana. Wengi wetu tumefundishwa kwamba dunia ikipata joto mimea hupanda juu kufuata baridi. Kilimanjaro mambo yamekwenda kinyume: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita, kwa kuwa moto unaukata kutoka juu kabla joto halijapata nafasi ya kuupandisha. Hemp aliliandika hilo mwaka 2005, akasema bila kuficha kwamba madhara yake ni mabaya kuliko ya kupotea kwa barafu. Hata hivyo, barafu ndiyo iliyozunguka dunia. Kichaka kilichoungua huko mawinguni hakina sura ya kuwekwa kwenye postikadi.

Ili kuelewa kilichopotea inafaa kuutazama mti wenyewe kwa karibu. Erika iliyoachwa kwa amani hufikia mita kumi hivi, shina limejipinda, majani madogo membamba, na kila tawi limevikwa ndevu za kijivu na kijani zinazoning'inia. Mchana mawingu hupanda kutoka bondeni na kupenya katikati ya matawi hayo. Haijanyesha, lakini kila ncha ya jani na kila unywele wa ndevu umebeba tone, na chini ya mti pananyesha peke yake. Upande wa kusini wa mlima mvua ni nyingi zaidi kwenye mita 2,200 hivi, kisha hupungua kadiri unavyopanda, mpaka kileleni ambako ni haba kama ya jangwa. Kwa hiyo huko juu ukungu ni sehemu ya maji ambayo mtu hawezi kuidharau. Hemp alikadiria kwamba maji ya ukungu yaliyokosekana kwa sababu ya misitu iliyoungua tangu 1976 yanalingana na maji ya kunywa ya watu milioni moja wanaoishi kuuzunguka mlima. Erika haifi kirahisi. Huchipua kutoka kwenye kisiki. Lakini kinachochipua ni vichaka vya kufika kifuani, visivyo na ndevu za kunasa mawingu, vinavyopigwa jua hadi kwenye udongo na kukauka upesi. Moto ukirudi kabla havijakomaa, hata vichaka hivyo vinaziachia nafasi nyasi na yale maua makavu meupe ambayo wapanda mlima hupenda kuyapiga picha. Kila moto, basi, unauandalia moto ujao kuni zilizo kavu zaidi.

Chini ya miti hiyo kuna tabaka nene la majani yaliyooza kwa miaka mingi, nalo likikauka huwaka kama moto wa pumba: hakuna ndimi, kuna moshi tu na joto linalotambaa chini kwa chini, likiibukia mahali ambapo jana palihesabiwa pamezimwa. Ndiyo maana kuuzima si kazi ya kupiga matawi peke yake, ingawa matawi ndiyo silaha ya kwanza ya walio wengi. Inabidi kufyeka, kisha kuchimba kwa jembe na sururu hadi kwenye udongo usio na mizizi wala majani, kwenye kimo ambacho mtu asiyezoea anahema akiwa amekaa. Maji yako mbali, hakuna barabara ya gari la zimamoto, na upepo wa mlimani hubadili mwelekeo unavyotaka. Mwaka 2020 walipanda mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, waongoza watalii na wanavijiji. Wengi wao hawakuwahi kufundishwa kazi hiyo. Kazi iliendelea kwa siku nyingi, na mara kadhaa moto uliotangazwa kudhibitiwa uliinua kichwa tena. Sioni ajabu yoyote hapo. Ndivyo ulivyo moto wa aina hiyo.

Atatokea mtu wa kusema: haya yote ni kuzunguka mbuyu, mlima haujiwashi wenyewe. Kweli, haujiwashi. Moto wa Kilimanjaro karibu wote hutokana na mikono ya watu: warina asali, wawindaji haramu, wachoma nyasi ili zichipue malisho, wapishi wa safari. Taarifa za mwanzo za TANAPA kuhusu moto wa Whona ziliwanyooshea kidole waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Sina nia ya kumsafisha mzembe yeyote. Ila hoja ya mwasha kiberiti, ikiachwa peke yake, haielezi mabadiliko. Warina asali wameingia msituni na mienge ya moshi kwa vizazi, na cheche ilipodondoka iliangukia majani yaliyolowa, ikafa. Tena, tazama mwaka wenyewe. Kabla ya Uviko mlima ulikuwa ukipokea wapandaji wapatao 50,000 kwa mwaka, kila kundi na wapagazi na mpishi wake. Mwaka 2020 safari za ndege zilisimama dunia nzima, na hata anga ya Tanzania ilipofunguliwa tena mwezi Mei wageni walirudi kwa kudondoka. Majiko yaliyowaka mlimani yalikuwa machache kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi, na mwaka huo huo ndio ulioleta moto mkubwa kuliko mingi tuliyoikumbuka. Mpinzani atajibu kwamba jiko moja linatosha. Hilo ndilo ninalolisema: katika Oktoba yenye vuli iliyowahi, majiko elfu hayatoshi. Na jambo hili halikuishia Kilimanjaro. Mlima Kenya uliungua Machi 2012, Aberdare Februari 2022, kila mmoja katika ncha ya kiangazi chake, mikononi mwa watu tofauti na kwa visa tofauti. Kinachoiunganisha mioto hiyo ni ukavu.

Pingamizi la pili ni la wasomi zaidi na linahitaji heshima. Moto, husemwa, ni wa kale mlimani, na erika ni mti uliojifunza kuishi nao. Tunachokiita msiba ni mzunguko wa kawaida. Ushahidi upo. Watafiti walichimba tope katika Kreta ya Maundi, matembezi mafupi kutoka Mandara, wakasoma humo chavua na chembe za mkaa zinazorudi nyuma miaka 90,000 hivi. Moto ulikuwepo kabla ya kiberiti, kabla ya utalii, kabla ya shamba la kwanza la kihamba. Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ya tope inaonyesha kwamba mimea ya mlima ilipanda na kushuka kufuata majira ya ukavu na ya unyevu, na hilo halinifariji. Kusema kwamba jambo limewahi kutokea si kusema kwamba halina gharama likitokea sasa. Msitu ulioungua miaka maelfu iliyopita haukuwa na Moshi chini yake, wala mifongo ya Wachagga inayogawa maji kwa zamu hadi kwenye migomba na kahawa, wala mashamba ya miwa ya TPC, wala bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kasi nayo si ya kupuuzwa: miaka 24, kutoka picha ya 1976 hadi ya 2000, ilitosha kuondoa sehemu kubwa ya ukanda mzima.

Hapa sharti nikubali mpaka wa hoja yangu. Si kila mfongo uliokauka umekaushwa na moto. Watu wameongezeka, maji yanavutwa kwa mabomba, miti ya mikulo ilikatwa kwa magendo katika msitu wa chini, na mvua yenyewe imepungua. Anayetaka kumbebesha moto lawama zote za ukosefu wa maji atashindwa mbele ya mtu yeyote mwenye hesabu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani hakipingiki: katika yale mambo ambayo mlima umepoteza, barafu ni ile ambayo hakuna mtu wa Rombo, Marangu au Machame anayeweza kuiokoa, na mchango wake katika mito ni mdogo mno, kwa kuwa maji mengi ya mito hiyo hutoka msituni. Msitu wa juu unaweza kuokolewa, angalau kwa sehemu, kwa kazi inayofanyika kabla ya Oktoba.

Na kazi hiyo inamhitaji mtu wa kijijini kuliko tunavyokiri. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga Nusu Maili, ukanda wa msitu pembezoni mwa vijiji, wananchi wapate humo kuni, majani na mbao. Mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa kuuingiza msitu wa asili, na tangu hapo mabishano ya nani aingie ukanda huo, lini, na kwa kibali gani hayajaisha. Wanawake wanaokata majani ya ng'ombe ndio wanaoyajua vizuri zaidi. Wahifadhi wana sababu zao, kwani ukataji wa miti ulikuwa umevuka mipaka na kila anayeingia msituni anaweza kuwa na kiberiti mfukoni. Lakini mwaka 2020 moto ulipozidi nguvu, waliotafutwa kupanda ni watu wa vijiji hivyo hivyo, wanaozijua njia na mabonde. Haiwezekani mtu awe mtuhumiwa miezi kumi na mmoja kisha awe mwokozi mwezi mmoja, na bado tutegemee apande na moyo mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kila mwaka kabla msimu haujaanza. Utabiri ukisema mvua zitachelewa, hiyo ndiyo wiki ya kuandikisha vikosi vya vijiji kwa majina, kuwalipa, kuwapa sururu na buti na redio, kuwapandisha Horombo na Karanga wakafyeke na kuchimba ukanda wa udongo mtupu kabla ya cheche yoyote, na kupiga marufuku jiko la wazi kuanzia Mandara kwenda juu mpaka mvua ya kwanza ishike. Gharama yake ichotwe kwenye ada ya mpanda mlima, ambayo tayari iko mezani.