Safari ya Goba Kutazama Nyumba

Nazi tunaichagua kwa kuitikisa sikioni, na kitambaa kwa kukivuta kwa vidole. Lakini nyumba, ambayo itameza akiba ya miaka kumi na zaidi, wengi huitazama kwa nusu saa tu, huku dalali amesimama mlangoni akisema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha zake mkononi.

Mwezi Aprili tulikuwa wanawake watatu tuliomsindikiza mwenzetu wa jumuiya katika safari yake ya kwanza ya kutazama nyumba. Mumewe ni dereva wa malori ya Tunduma, mara nyingi hayupo. Wamepanga vyumba viwili Manzese, hapa Dar es Salaam, tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, naye sasa yuko kidato cha pili.

Maandalizi yalichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza baba alikuwapo, nao wawili wakaandika kwenye daftari fedha zote walizo nazo. Kutoka humo wakaondoa za mwanasheria, za dalali, za kubadilisha jina la hati, za kuhamia na za matengenezo. Kilichobaki ndicho walichokiita bei ya nyumba. Kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani, na chakula cha jioni kililiwa kimya kimya. Tulikubaliana kwamba namba hiyo dalali asiisikie.

Jioni ya pili waligawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja waliandika mambo ambayo mtu aweza kuyabadilisha baadaye, kama rangi, milango, jiko, hata paa. Upande wa pili yale yasiyobadilika: nyumba iko bondeni au mlimani, njia ya gari ipo au haipo, shule iko umbali gani. Baba alitaka sana nyumba yenye baraza kubwa. Baraza likaandikwa upande wa kwanza.

Jioni ya tatu tulipiga simu kwa washirika wenzetu wanaoishi Goba, tukauliza maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, na mvua ikinyesha ni mitaa gani haipitiki. Mtu asiyeuza kitu huna haja ya kumbembeleza aseme kweli. Tena walitushauri tuje siku inayofuata mvua, kwa maana wakati wa kiangazi kila nyumba ya Dar es Salaam ni kavu.

Basi ikanyesha usiku wa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tukaondoka. Tulivaa viatu vya matope, tukabeba daftari, futi ya fundi, tochi, na chupa tupu ya kuonjea maji. Tulipanda mwendokasi hadi Kimara, kisha daladala kuelekea Mbezi Mwisho. Katika barabara hiyo ya Morogoro ndipo mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kibaha zilipobomolewa ili kupisha upanuzi. Wengine walikuwa wameishi hapo miaka mingi. Tulimwonyesha mwenzetu, naye akaongeza swali daftarini: nyumba ina alama yoyote ya X ukutani, au imepakwa rangi juu yake?

Kutoka Mbezi Mwisho barabara ya Goba hupanda na kushuka vilima. Hewa ni nzuri, miembe na minazi bado ipo, na kila kilima kina majumba mapya yaliyoezekwa kwa bati za rangi. Lakini katikati ya vilima kuna mabonde, na maji ya vilima vyote huenda huko.

Nyumba ya kwanza ilikuwa huko bondeni. Ilikuwa nzuri kweli, yenye vigae sakafuni na maua mlangoni. Mmoja wetu aliinama akaona kwamba rangi ya ukuta kutoka chini hadi magotini ni mpya kuliko ya juu. Jirani aliyekuwa akifua alituambia, bila kuinua kichwa, kwamba mwaka jana walitoa magodoro nje. Hatua chache nyuma ya nyumba ulipita mkondo wa maji, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hatukuomba hata kuona vyumba vya kulala.

Ya pili ilikuwa mlimani, na maji ya kisima chake hayakuwa na chumvi. Ila kutoka kwenye kona ya kila dirisha ufa ulikwenda mshazari hadi chini, na kidole kiliingia. Udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na msingi usio na nguvu hufuata. Nyufa nyembamba kama unywele ni za lipu tu, hizo hazitishi. Za namna hii zinataka fundi mwashi aje azitazame kabla ya neno lolote la bei. Gari la kunyonya majitaka nalo halikuwa na njia ya kufika kwenye shimo la choo.

Tukiwa njiani kwenda ya tatu, dalali alipunguza sauti. Alisema mama wa nyumba akituuliza, tumwambie tunatafuta chumba cha kupanga.

Mwenzetu alisimama pale pale njiani. Katika daftari lake, ukurasa wa nyaraka, baada ya namba ya kiwanja na jina lililo kwenye luku, liliandikwa swali: muuzaji ana mke, na mke amekubali? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe, na asiyeridhia anaweza kuweka zuio. Kwa hiyo hata anayenunua hununua kesi.

Tulimwambia dalali tutaingia, lakini hatutasema uongo. Mama alitukaribisha vizuri, akatuletea maji ya kunywa. Nyumba ilikuwa imara, na kuta zake hazikuwa na ufa. Tulipoulizwa tumekuja kwa ajili gani, mwenzetu alijibu, "Dada, tumeambiwa nyumba inauzwa."

Yule mama aliuweka mtungi chini. "Inauzwa na nani?"

Dalali alitoka nje kupiga simu. Sisi tulikaa. Tulimweleza kwamba mwenzetu hatanunua kitu ambacho yeye hajakitia sahihi, na kwamba aende kwa mjumbe wake na kwa mchungaji wake leo hii, tena aulize hati iko wapi. Mwanamke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 naye alinunua shamba, lakini hatusomi kwamba alimfukuza mama mwingine ndipo akalipata. Tulisali pamoja, watoto wake wawili wakitutazama kutoka jikoni.

Dalali alidai fedha za usumbufu za nyumba zote tatu, tukampa. Alisema kwa namna hii hatutapata nyumba kamwe.

Ile ya pili bado imo daftarini. Fundi wetu atakwenda Jumatano kuzitazama nyufa, na mwenzetu amechukua namba ya kiwanja ili kumbukumbu zake zikaangaliwe ofisi ya ardhi. Mumewe anarudi kutoka Tunduma mwisho wa wiki. Mvua ikinyesha tena Ijumaa, Jumamosi tutavuka daraja kwenda Kigamboni, ambako ardhi ni ya mchanga na maji ya visima vingi yana chumvi. Chupa ya kuonjea tumekwisha kuiosha.