Macho ya Rweya, Macho ya Mgombani

"Macho hayana pazia," walinena wahenga, nao walikusudia kwamba jicho halizuiliki kutazama. Asimamaye ukingoni mwa nchi ya juu ya Kamachumu, wilayani Muleba, huweza kuusadiki msemo huo bila ya kudai ushahidi. Nchi huteremka kuelekea mashariki, liliko Ziwa Viktoria, na jicho huachiwa liende litakako. Lakini akigeuka akaingia kijijini, mara migomba humzingira. Upeo wake wote huwa ni hatua chache, kutoka shina hata shina, na mibuni chini ya kivuli. Wahaya wana majina mawili kwa nchi hizo mbili: kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio wazi baina ya kijiji na kijiji. Mtu mmoja, kwa siku moja, huishi katika zote mbili. Je, huenda kote na macho yale yale?

Swali hili si la washairi peke yao. Katika miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Evanston nchini Marekani, lilizua ubishi baina ya wanazuoni wawili. Melville Herskovits, mwanaanthropolojia, aliamini kwamba utamaduni humwingia mtu hata machoni. Donald Campbell, mwanasaikolojia, alishuku: akili huenda zikatofautiana, lakini jicho ni jicho. Pamoja nao alikuwapo kijana Marshall Segall, ambaye kazi hiyo ingemfungulia njia ya maisha yake ya elimu. Badala ya kuendelea kubishana, walikubaliana kupima. Walitayarisha vitabu vya michoro, vikapelekwa kwa watafiti waliokuwa mashambani, na zaidi ya watu 1,800 wakaulizwa, wengi wao Waafrika. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1963, na kitabu kizima mwaka 1966. Herskovits hakukiona, alifariki mwaka 1963.

Michoro yenyewe ilikuwa ya viini macho. Mmoja ni ule uitwao kwa jina la Mjerumani Müller-Lyer, aliyeutangaza mwaka 1889: mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja una vijipembe vilivyokunjiwa ndani kama ncha za mshale, wa pili vijipembe vyake vimefunguka nje. Huo wa pili huonekana mrefu zaidi. Mwingine ni wa mstari uliosimama juu ya mstari uliolala. Uliosimama huonekana mrefu, hali ya kuwa vyote ni sawa.

Watu wa Evanston walidanganyika sana na mchoro wa kwanza. Ilihitajika mstari mmoja uzidishwe kama sehemu moja kwa tano ndipo waone kuwa yote miwili ni sawa. Wasan wa Kalahari walikaribia kutodanganyika kabisa. Segall na wenzake walieleza hivi: anayekulia katika nyumba za pembe nne, zenye kuta zilizokatwa kwa msumeno na meza za mraba, hujifunza kuisoma kila pembe kuwa ni kona ya chumba, iliyo karibu au iliyo mbali. Anayekulia katika msonge, ambao paa lake huteremka mviringo mpaka chini bila ya kona hata moja, hana sababu ya kujifunza hivyo.

Mchoro wa pili ukaipindua meza. Hapo waliodanganyika zaidi walikuwa Wanyankole na Watoro wa magharibi ya Uganda, wenyeji wa nchi ya juu iliyo wazi. Na Wabete wa misitu ya Afrika ya Magharibi walidanganyika kidogo mno. Sababu iliyotolewa ni nyepesi kufahamika kwa yeyote aliyepita katika rweya. Njia ndefu inayokwenda mbele ya mtazamaji huonekana kama kistari kifupi kilichosimama. Mkaazi wa uwanda hujifunza kukirefusha kistari hicho moyoni, kwani miguu yake inajua kwamba ni mwendo. Wa msituni hana upeo wa kumfunza.

Wanyankole ni jirani wa Wahaya, na lugha zao ni ndugu. Hata hivyo Wahaya wenyewe hawamo katika orodha ya kitabu kile. Na wao ndio wangekuwa mtihani mgumu, kwa kuwa nadharia ile iliwagawa wanaadamu kwa mafungu: huyu wa msitu, huyu wa uwanda. Mtu wa Kamachumu hakai fungu moja.

Thamani ya kazi ile, pengine, haimo katika majibu yake tu, bali katika adabu yake. Kwa muda mrefu wageni walikuja Afrika na karatasi zao, wakauliza, na asiyejibu kama wao wakamwandika kuwa hakuona. Segall na wenzake waliichora mistari kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, wakaitenganisha kwa nafasi, wakatanguliza maswali mepesi, ili ijulikane kwanza kwamba swali limefahamika. Hawakutaka kosa la mkalimani lihesabiwe kuwa kosa la jicho. Na matokeo hayakumpa yeyote haki ya kujigamba: anayedanganyika hapa hunusurika pale. Wala si suala la rangi ya ngozi. Kwa nadharia hiyo, mtoto wa Mji Mkongwe wa Unguja, aliyekulia baina ya kuta za mawe na milango ya mraba, angetarajiwa kudanganyika kama mtoto wa Evanston.

Ubishi haukwisha. Gustav Jahoda alipima nchini Ghana, na mwaka 1966 akaandika kwamba hakuiona tofauti iliyotabiriwa. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza habari za watoto wa India waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakapasuliwa wakiwa wakubwa. Mara tu walipoanza kuona, mistari ya Müller-Lyer iliwadanganya. Hao hawakuwahi kuiona kona ya chumba. Yumkini, basi, baadhi ya udanganyifu tunazaliwa nao, na mazoea huuzidisha au huupunguza. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alikwisha kufundisha katika Kitab al-Manazir kwamba nuru huingia jichoni kutoka nje, lakini kuona hakutimii mpaka nafsi ipime na ihukumu.

Siku hizi hukumu hiyo inajaribiwa kwa chombo kipya. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaliwa kichwani, chenye picha zinazobadilika kila kichwa kinapogeuka. Kutoka hapo ukazaliwa uhalisia pepe. Jack Loomis wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, alichunguza umbali. Mtu huonyeshwa alama mbele yake, kisha hufumba macho na kuiendea. Katika uwanja wa kweli hufika karibu na pale pale, hata kwa hatua nyingi. Lakini wengi waliovalishwa vifaa vile walisimama kabla ya kufika. Ulimwengu wa kubuni huonekana mfupi kuliko ulivyopimwa na waundaji wake. Macho huridhika, miguu hukataa.

Misonge ya Uhaya imekwisha kuachiwa nafasi na nyumba za pembe nne zenye mapaa ya bati. Ikiwa Segall alisema kweli, bibi na mjukuu wa kibanja kimoja hawakuiona mistari ile kwa namna moja, na hapana aliyekosea. Bibi hakuulizwa, na sasa hawezi kuulizwa tena. Fundi wa kompyuta aweza kuujenga upya msonge, ufito kwa ufito, na mjukuu akavaa kifaa akaingia ndani. Ataiona nyumba. Lakini atakuwa ameiingia na macho yaliyolelewa na kona. Yale yaliyolelewa na mviringo hayakuhifadhiwa popote. Ndilo pazia ambalo wahenga hawakulitaja: si nguo iliyotundikwa mbele ya jicho, bali ni nyumba tuliyokulia.