KUSAFISHA KIKO CHA BABU

Katika nyumba nyingi za askari hakikosekani kitu kimoja cha mzee ambacho watoto wamekatazwa kukigusa. Kwa wengine ni mkanda, kwa wengine ni nishani. Kwetu kilikuwa kiko. Babu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Alikwenda na kiko hicho Burma mwaka 1944, akarudi nacho Uganda. Alipofariki kikawa cha baba, naye alikuwa polisi.

Mimi sivuti tumbaku, wala simshawishi msomaji avute. Naandika kwa sababu nilikiharibu kiko hicho nikidhani nakitengeneza, na najua viko vya namna hiyo vimo bado katika masanduku ya watu wengi.

Ilikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, cheti mkononi, nikikaa kwa wazazi katika kota za polisi huku nikingojea kupangiwa kazi. Siku moja nikakiona kiko mezani, bakuli lake limejaa ukoko mweusi hata kidole hakiingii. Nikasema moyoni, leo nitamfurahisha mzee. Nikachukua kisu cha jikoni chenye ncha kali, nikakwangua na kuchimba mpaka mti mtupu ukaonekana.

Baba alipokichungulia hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, mtutu wa bunduki husafishwa kwa kisu?" Nikanyamaza. Zikapita wiki chache. Jioni moja alipokuwa akivuta barazani, moto ukatoboa ubavu wa bakuli mahali pale pale nilipochimba. Akakizima, akakifuta, akasema: "Kimerudi salama toka Burma, kimekuja kushindwa na kisu cha jikoni." Kisha akakitia katika kopo la bati. Hakulitaja jambo hilo tena, na kimya chake ndicho kilichoniuma zaidi.

Baadaye nilijifunza kwamba kabla ya kuchagua chombo cha kusafishia, sharti mtu ajue mambo matatu: kiko ni cha kitu gani, uchafu wake ni wa namna gani, na ni kiasi gani kinachopaswa kubaki.

Kiko cha babu kimechongwa katika kivimbe cha mzizi wa mti uitwao Erica arborea. Mti huo huota katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na hupatikana pia katika milima yetu ya Rwenzori. Huvumilia moto sana, lakini ngao yake ni ule ukoko mwembamba wa ndani. Ukiuondoa wote, mti huungua. Ukiuacha unenepe kupita kiasi, ukoko hupanuka kwa joto na kuweza kuupasua mti. Kipimo chema ni milimita 1 hadi 1 na nusu, karibu na unene wa sarafu.

Chombo bora ni kikwanguo cha viko, chenye makali yaliyosimama wima na umbo la kulingana na bakuli. Vingine huja na vichwa vya ukubwa mbalimbali, vingine hupanuliwa kwa skrubu. Anza na kipimo chembamba, zungusha polepole bila kutumia nguvu, mwaga unga, chungulia, ndipo uongeze.

Asiyekipata asihangaike. Achukue msasa laini, auzungushie kijiti cha mviringo, asugue taratibu. Kazi huchukua muda, na hiyo ndiyo faida yake: mkono usiozoea hauwezi kuharibu haraka. Kisu chenye ncha kiachwe jikoni, maana hutoboa kitako cha bakuli na kuliondolea mviringo wake. Kama hapana budi kutumia kisu, kiwe butu, chenye ncha ya duara.

Kiko cha udongo kina sheria nyingine. Hicho huzikwa katika makaa yanayofifia, na uchafu wote huungua ukawa majivu. Kisitiwe ghafla katika moto mkali, wala kisimwagiwe maji kingali moto, kwani kitapasuka. Anayefanya hivyo kwa kiko cha mti atabaki na mkaa.

Katika mrija uchafu si ukoko bali ni utomvu mweusi, nao hauhitaji makali. Hutolewa kwa waya mwembamba uliovikwa pamba, uliolowanishwa kidogo kwa pombe kali safi kama vile waragi. Spiriti ya kuwashia taa isitumike, kwa kuwa ni sumu na mrija huo huingia mdomoni. Ngoja kiko kipoe kabisa kabla ya kuuchomoa mrija, usije ukavunjika shingoni, kisha ukiache wazi kikauke siku nzima. Utomvu wenyewe una sumu ya nikotini. Basi fanyia kazi juu ya gazeti, litupe mbali na watoto, na unawe mikono kwa sabuni.

Ama kuvuta kwenyewe, kiko kisafi hakimponyi mvutaji. Moshi wake huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu. Baba aliacha mwaka 2018, baada ya daktari kumsikiliza kifua, na mama alishukuru kuliko sisi sote.

Mwaka 2021 alinituma nililete lile kopo la bati. Alitaka wajukuu wakione kiko cha babu yao mkubwa kikiwa safi. Nikakaa mbele yake na kipande cha msasa na kijiti, nikasugua kidogo kidogo, naye akitazama kila mzunguko wa mkono wangu. Tundu lile lilikuwapo ubavuni, nami sikujifanya silioni. Nilipokikaribia kitako, ambako kisu changu hakikufika mwaka ule, akanigusa mkono.

"Huo wa chini uache," akasema. "Huo ni wa babu yako."

Nikauacha. Kiko sasa kimo katika kabati la baba, na kijiti chenye msasa kimelazwa kando yake.