Kabla Hujazima Taa

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpenzi Zuhura,

 

Uliponiambia kwamba ukijilaza tu mawazo yanakuandama hadi usiku wa manane, nami nilikosa raha. Kituo kigeni huko Kigoma, darasa limefurika, posho ya kujikimu haijaingia: nani asingechoka? Sikwambii uyanyamazie matatizo hayo. Posho ni haki yako, idai. Ila mabaya hujikumbusha yenyewe. Mema yasipotajwa hupita kama hayakuwepo.

Basi weka daftari karibu na mto. Kila usiku, kabla hujazima taa, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kila moja ulieleze kwa nini lilitokea. Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walilijaribu zoezi hili na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Waliolifanya kwa wiki moja walizidi kuwa na furaha, dalili za sonona zikapungua, na nafuu ikaonekana hata miezi 6 baadaye, hasa kwa walioendelea nalo.

Usiiruke hiyo "kwa nini". Ukiandika "nashukuru kwa uzima" kila siku, mkono utaandika moyo ukiwa mbali. Juzi niliandika hivi: "Mvua ilinikuta sokoni. Jirani akaanua nguo zangu, akazikunja, akazifunika kwa khanga yake. Kwa nini? Alinikumbuka mimi kabla ya kuanua zake." Asubuhi nilikwenda kubisha mlangoni kwake nimshukuru, tukakaa tukazungumza hadi chai ikapoa.

Siku ukikosa matatu, andika moja ulale. Zoezi likikulemea, lifanye mara moja kwa wiki. Katika utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003, walioandika ya kushukuru kila wiki, kwa wiki 10, waliyaona maisha yao kuwa mema kuliko walioandika kero. Lakini usingizi ukizidi kukukimbia, nenda ukamwone daktari, mwanangu. Daftari halitibu kila kitu.

Anza leo na yule mwalimu mwenzako aliyekupokea stendi akakupa godoro la kulalia. Andika alilokutendea na kwa nini unadhani alifanya hivyo. Kesho, kabla ya kipindi cha kwanza, mwambie.

Akupendaye,
Shangazi yako