Kupunguza Vitanzi

Kitshanga ni mji mdogo katika milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ukitoka Goma unapita Sake, halafu barabara inapanda, na unaona ng'ombe wakila majani vilimani. Mahali hapo ni juu sana, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo kuna baridi. Asubuhi ukungu hufunika nyumba, na siku za mvua watu huota moto hata mchana. Kwetu sweta si pambo. Sisi tunaliita triko, na kila mama hutafuta triko kwa ajili ya watoto wake.

Mimi nilijifunza kufuma mwaka wa 2013, nilipokuwa katika mwaka wa tano wa shule ya msingi. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa mwaka huo vita vilizuka Kitshanga, na nyumba nyingi ziliteketea. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, tulikuta nyumba yetu imesimama. Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa majivu. Basi shangazi akaja kukaa kwetu pamoja na binti yake, aliyekuwa mja mzito. Hawakuwa na kitu ila nguo walizovaa.

Miezi ya mimba haikutimia. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, naye alikuwa mdogo sana. Mwuguzi akatuambia, "Mtoto huyu hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mama yake amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Tena mfunikeni kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kuliko viungo vyake vingine, na joto jingi hutokea hapo."

Ilihitajika kofia. Kofia hatukuwa nayo, wala fedha za kununua uzi.

Shangazi akavua triko lake, alilolifuma mwenyewe zamani. Akafungua mshono wa bega, akatoa mkono mmoja wa triko, akaanza kuufumua. Uzi ukatoka mstari baada ya mstari, nami nikauzungusha kuwa donge. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Kwa hiyo tuliulowesha, tukautundika karibu na moto usiku kucha ili unyooke. Tangu siku ile shangazi alivaa triko la mkono mmoja, wala sikumsikia akilalamika.

Sindano zetu zilikuwa vyuma viwili vyembamba vya gurudumu la baiskeli, ambavyo baba alivisugua juu ya jiwe mpaka vikawa laini. Shangazi akaanzisha vitanzi 64 juu ya sindano moja. Akanionyesha kufuma kwa kawaida: unaingiza sindano ya kulia katika kitanzi cha kwanza, unazungusha uzi, unauvuta upite ndani, kisha unaacha kitanzi cha zamani kiteleze. Kitanzi kimoja kinazaa kimoja. Ukiendelea hivyo, kitambaa kinakuwa kirefu, lakini upana wake haubadiliki.

Tulipofika sentimeta 10 hivi, shangazi akanisimamisha.

"Mwanangu, kichwa cha mtu kina umbo gani?"

"Ni mviringo, shangazi."

"Na kitambaa chetu?"

"Kimenyooka kama mkeka."

"Basi sasa lazima tukipunguze, kipate kufuata kichwa."

Nikauliza, "Tukate uzi, shangazi?"

"Hapana," akasema. "Katika kazi hii hatukati kitu wala hatutupi kitu. Tazama."

Kwanza akakitoa kitanzi kimoja kwenye sindano kwa makusudi, akavuta kitambaa kidogo. Kitanzi kile kikateremka mstari kwa mstari, na nyuma yake likabaki pengo kama ngazi. "Umeona? Kitanzi kisichoshikwa na mwenzake huanguka, na kikianguka kinaharibu kazi yote iliyo chini yake." Akakipandisha tena taratibu kwa ncha ya sindano, ngazi baada ya ngazi, mpaka kikarudi mahali pake.

Kisha akaingiza sindano ya kulia katika vitanzi viwili kwa mara moja. Akazungusha uzi, akauvuta upite ndani ya vyote viwili, akaviacha viteleze pamoja. Vilikuwa viwili, sasa kimoja. Nikavuta kitambaa kwa nguvu. Hapakufunguka kitu. Nilipotazama karibu niliona kitanzi cha kushoto kimelala juu ya mwenzake wa kulia, na vyote viwili vimeshikwa na kitanzi kipya.

Akanipa sindano. Akanifundisha hesabu yake, kwa maana huwezi kupunguza ovyo ovyo. Ukipunguza upande mmoja tu, kofia inapinda. Tulifanya hivi: fuma vitanzi 6, unganisha 2; fuma 6, unganisha 2; hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari. Vitanzi 64 ni mafungu 8 ya vitanzi 8, na kila fungu lilipoteza kimoja. Tukabaki na 56. Mstari wa kurudi tulifuma bila kupunguza. Mstari uliofuata: fuma 5, unganisha 2. Tukabaki na 48. Kisha 40, 32, 24, 16. Kila mara nilihesabu kwa sauti, na shangazi alinisikiliza huku akichochea moto. Katika mstari wa mwisho wa kupunguza tuliunganisha viwili viwili tu, vikabaki 8. Tukakata uzi, tukaupitisha ndani ya vitanzi vyote 8, tukaukaza, tukashona ubavu wa kofia.

Jioni ile mtoto alivikwa kofia kifuani pa mama yake. Si kofia peke yake iliyomlinda. Maziwa ya mama yake na joto la kifua chake vilifanya kazi kubwa zaidi. Lakini kichwa chake hakikuwa baridi tena, na mtoto aliishi. Siku nyingi baadaye niliivaa kofia ile kwenye ngumi yangu, ikaenea sawasawa.

Mwaka ule nyumbani kwetu familia mbili zilipika juu ya moto mmoja. Chumba kilikuwa kidogo na sufuria ilikuwa moja. Lakini hakuna aliyebaki nje kwenye mvua.

Mwezi wa Januari 2023 vita vilifika tena Kitshanga, na watu wengi walikimbia. Anayekimbia hawezi kubeba nyumba wala shamba. Lakini anayejua kufuma huenda na ujuzi wake, nao hauna uzito njiani. Kwa hiyo, watoto, jifunzeni kazi za mikono, wavulana na wasichana. Kama hamna uzi, anzeni kwa kamba na vijiti viwili vya mwanzi. Mkimaliza, mfundisheni mdogo wenu.

Sasa fanyeni hesabu hii. Mama mmoja anafuma kofia ya mtoto mkubwa. Ameanza na vitanzi 80, naye anapunguza vitanzi 8 kila mara. Atapunguza mara ngapi hata abaki na vitanzi 8?